Siku Moja Kavu

Selmer Tollefsrud hakuwa mtu wa kusema uongo, lakini Jumatatu ile alijidanganya mwenyewe mchana kweupe, katikati ya shamba lake la bondeni. Alichukua konzi ya nyasi alizozikata Jumamosi, akazisokota kwa mikono miwili kama baba yake alivyomfundisha. Nyasi zilizokauka ukizisokota hukatika. Zile hazikukatika. Zilijikunja, zikajikunjua, zikabaki nzima. Selmer akazitazama, akaitazama mbingu, akajiambia kwamba zimekatika, kisha akapanda trekta na kuwasha mashine ya kufunga marobota.

Mkulima yeyote wa huku kaskazini mwa Wisconsin angemkamata mkono. Robota lililofungwa na unyevu ndani yake halitulii. Hupata joto lenyewe, siku baada ya siku, katikati ya rundo ambako jicho halifiki, na siku moja, bila kiberiti wala radi, ghala zima linawaka. Selmer alikuwa na miaka saba alipoliona ghala la akina Zastrow, majirani zao, likiteketea kwa namna hiyo na ng'ombe wakiwa ndani. Sasa ana miaka sabini na mmoja, na kilio cha wale ng'ombe hakijamtoka masikioni. Ndiyo maana maisha yake yote alikuwa mtu wa kungoja. Wenzake wakishafunga nyasi zao, yeye huzigeuza tena juani na kungoja siku moja zaidi. Alipoposa, vijana wenzake walisema atamwanika bibi harusi shambani siku tatu, amgeuze mara mbili, ndipo ampeleke kanisani.

Mtu wa namna hiyo alifanyaje kosa la mtoto? Alilifanya kwa ajili ya mke wake, Ardis.

Ardis alikuwa na vali mbovu ya moyo, na Jumatatu iliyofuata alikuwa anapasuliwa. Daktari aliwaambia kwamba watu wengi hutoka salama. Ardis aliridhika na maneno hayo, akauliza kama ataruhusiwa kunywa kahawa. Selmer alirudi nyumbani na neno "wengi" likimsumbua kama kokoto kwenye kiatu. Wengi ni wangapi? Na wale ambao si wengi, waume zao walikuwa wapi siku hiyo, walikuwa wakifanya nini?

Wakiwa njiani kurudi Ardis alisema kwamba kuna jambo moja tu analitaka kabla ya kisu, nalo ni kwenda kisiwani. Selmer hakuuliza kisiwa gani. Ardis alifundisha shule huko mwaka mmoja, kwenye kisiwa cha Ziwa Kuu, kabla hajaolewa, na tangu wiki ya harusi walikuwa wanakwenda huko mwakani. Mwaka wa kwanza mahindi yalichelewa. Wa pili ng'ombe walikuwa wanazaa. Kisha binti yao Kristi akazaliwa, kisha baba yake Selmer akavunjika nyonga, kisha paa la ghala likaezuliwa na upepo. Na ng'ombe wa maziwa hawajui sikukuu, hukamuliwa asubuhi na jioni, uwe na Krismasi au uwe na mazishi. "Mwakani," Selmer alisema kila kiangazi, na kila mara alisema kwa moyo mweupe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia lilikuwa la Ardis, na Ardis si mtu wa kulalamika. Ng'ombe wa maziwa waliuzwa miaka miwili iliyopita, wakabaki mitamba kumi na wawili tu, na bado hawakwenda.

Basi redio ikatangaza kwamba Jumanne kutakuwa na jua, na kuanzia Jumatano mvua, wiki nzima bila kupumzika. Nyasi zilihitaji jua la Jumanne ili zikauke sawasawa. Ardis naye aliihitaji Jumanne. Siku kavu ilikuwa moja. Mtu mwingine angechagua, lakini Selmer alitaka zote mbili, na mshika mbili moja humponyoka. Akafunga Jumatatu.

Jumanne alfajiri, mke wake akipanga mikate na chupa ya kahawa kwenye kikapu, Selmer aliingia ghalani na nondo ya chuma ya baba yake, ya kupimia joto la nyasi. Aliichomeka katikati ya rundo, akangoja kidogo, akaichomoa na kuifumbata. Ilikuwa na uvuguvugu. Akairudisha ilipokuwa, akatoka, akarudi tena kuigusa. Alipofika nyumbani Ardis alikwisha kaa ndani ya gari, mkanda kafunga, mkoba magotini, na jua lilikuwa bado halijatoka vizuri.

Kutoka kwao mpaka ziwani ni mwendo wa saa mbili na nusu. Saa ya kwanza Selmer hakusema neno, na kwa watu wa huku hilo si ajabu, tena wengine hulisifu. Lakini kila walipopita ghala la mtu aliligeukia. Alimwona mtu anaunguza takataka nyuma ya nyumba, na moshi ule mdogo ukamkata maini. Walisimama kwenye kituo cha mafuta. Walipoondoka, aliingia barabarani akashika njia ya kusini, ya kurudi nyumbani. Hakukusudia, mikono ilifanya yenyewe. Kisha akaona kwamba amegeuka, na hakujirekebisha.

Ardis akamwacha aendeshe maili tatu.

"Selmer," akasema, "jua lilikuwa upande wangu. Sasa liko upande wako."

Selmer akalisogeza gari kando ya barabara, akazima injini. Alikuwa na aibu kama mtoto aliyejikojolea kanisani.

"Nilizifunga mbichi," akasema.

"Najua."

"Umejuaje?"

"Jana umekula viazi vitatu tu. Wewe. Na shati lako lilinuka majani mabichi. Mashati yako nimeyafua miaka arobaini na sita, mzee, unadhani yana siri na mimi?"

Selmer akaanza kueleza, kwamba nondo ina uvuguvugu, kwamba ghala lile babu yake alilijenga kwa mkono, kwamba afadhali warudi wakaangalie mara moja tu, halafu, kama muda utaruhusu, waende kisiwani. Ardis akamwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Nyasi zilizofungwa jana huungua leo?" akamuuliza.

"Hapana."

"Huungua lini?"

"Siku ya sita. Ya saba. Wiki ya pili, hata ya tatu."

"Haya. Leo nyasi haziungui, na mimi leo sipasuliwi. Jumatatu tutaogopa yote mawili kwa pamoja, na tutaogopa vizuri, nakuahidi. Leo geuza gari, mzee."

Akageuza. Lakini nisikudanganye kwamba hofu ilimtoka. Ilipanda nao kivukoni, ikakaa benchi moja nao, na mara kwa mara Selmer aliinuka kwenda kutazama upande wa kusini, kana kwamba mtu anaweza kuona moshi wa ghala lake kutoka maili mia moja. Kisiwani Ardis alitaka kwanza kuiona shule yake. Siku hizi ni duka la kukodisha baiskeli. Ardis alisimama pale ubao wake ulipokuwa, akamwonyesha Selmer mahali alipokuwa akikaa mtoto mmoja mtundu aliyeleta chura kila Ijumaa. Mwenye duka akauliza kama mama anahitaji baiskeli. Ardis akajibu kwamba yeye hapana, ila ampimie mume wake, maana tangu asubuhi anataka kurudi nyumbani na hajui afike vipi haraka. Mwenye duka akacheka, na Selmer akacheka pia, kwa kuchelewa kidogo.

Walipotoka, ngazi zilimshinda Ardis. Alikaa kwenye ngazi ya pili, kiganja kifuani, midomo imebadilika rangi. Selmer akapiga goti mbele yake, akamshika kifundo cha mkono na kuanza kuhesabu pumzi zake, na akajiona anahesabu kama anavyohesabu akiwa na nondo mkononi. Aliogopa hasa. Alitamani kumwomba radhi kwa kitu fulani, lakini hakujua aanzie mwaka gani. Ardis alipopata pumzi alisema kwamba ana njaa.

Kule gatini huuza maini ya samaki mweupe, yaliyokaangwa kwa vitunguu na pilipili hoho. Miaka yote Ardis aliwasimulia majirani habari za chakula hicho, nao wakadhani anawatania. Zikaletwa sahani mbili. Selmer aliyatazama maini yale madogo kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama, akalionja moja, akala la pili, akamaliza sahani, akaifuta kwa mkate.

"Si mbaya," akasema.

Ardis akaweka uma chini na kumtazama. Kwa mtu wa huku hakuna sifa inayozidi hiyo. Kwa mahubiri na kwa mjukuu husemwa hivyo hivyo. Selmer akagundua kwamba tangu sahani ilipowekwa mezani hajawaza ghala hata mara moja. Alipogundua tu, akaliwaza.

Waliporudi kivukoni Ardis alitia mkono wake katika mfuko wa koti la mumewe. Ziwa lilikuwa tulivu.

"Kumbe ni karibu hivi," akasema. "Saa mbili na nusu tu kutoka mlangoni kwetu."

Hakusema kwa lawama, na ndiyo maana Selmer hakuweza kujitetea. Miaka arobaini na sita, saa mbili na nusu. Akageuka kuwatazama ndege wa ziwani ili mkewe asiuone uso wake.

Jumatano mvua ikaanza kama ilivyotangazwa. Selmer akawa mtu wa ghalani. Aliweza kuifumbata nondo mpaka ahesabu ishirini. Alhamisi, kumi na tano. Aliwatoa mitamba wote ghalani wakakae mvuani, nao wakasimama uani wakimtazama kama wapangaji waliofukuzwa. Ijumaa alifika kumi na mbili, na ghalani kukawa na harufu tamu, kama sukari inayoanza kuungua sufuriani. Usingizi ulimpaa. Alikuwa kati ya hofu mbili, moja chumbani, nyingine uani, na alikuwa akitembea kutoka hii kwenda ile kutwa nzima, viatu vikiacha tope kwenye sakafu ya Ardis. Ardis alimwambia achague, ama avue viatu ama ahamie huko. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi dirishani, miguu imevimba, akiandika kwenye karatasi mahali kila kitu kilipo jikoni. Selmer alipoiona ile karatasi akatoka tena nje.

Jumapili alifika nane. Baada ya ibada, watu wakiwa wameshuka ukumbini kunywa kahawa, alimwendea Virgil Zastrow. Huyu ni mtoto wa akina Zastrow wale wale. Alizaliwa baada ya moto, na ndiye mkuu wa zimamoto wa kujitolea hapa kijijini. Kumwambia Zastrow kwamba umefunga nyasi mbichi ni kama kumkanyaga mtu kaburi la babake. Selmer alimwambia, kofia mkononi, akiitazama sakafu.

Virgil alikunywa kahawa yake yote kwanza.

"Wewe, mzee Selmer?" akasema. "Wewe ndiye uliyemkataza baba yangu asifunge kwenye umande."

"Mimi."

Virgil hakuendelea kumtesa. Mchana ule alikuja na kipimajoto kirefu, akakichomeka, akasoma, akatikisa kichwa. Alisema bado hakijafika pabaya, na rundo likifunguliwa mapema hewa itaingia, na hewa ndiyo inayoualika moto. Watalinda kwa zamu. Kipimo kikipita alama fulani watalitoa rundo lote nje, gari la maji likiwa tayari mlangoni.

"Ikiwa ni kesho, bora uwepo," akasema. "Wewe ndiye uliyepanga. Sisi hatujui mabichi yako wapi."

"Kesho Ardis anapasuliwa."

Selmer akatoa mfukoni karatasi ya ratiba ya ibada, akaigeuza nyuma, akamchorea rundo zima kwa penseli, safu kwa safu, na msalaba mahali alipodhani mabichi yalipo. Alifuta mara nyingi mpaka karatasi ikachanika pembeni.

Jumatatu asubuhi alipita mbele ya ghala na sanduku la mke wake. Mlango ulikuwa wazi, na harufu ile tamu ilimfikia pale alipo. Nondo ilikuwa hatua thelathini tu. Ardis, garini, alikuwa akimtazama kupitia kioo chenye matone. Selmer akatia sanduku nyuma, akaingia, akaondoa gari. Hakuwa ameamua jambo lolote kubwa. Aliona tu kwamba akiingia mle ndani hatatoka.

Hospitalini walimchukua Ardis saa mbili asubuhi. Kabla kitanda hakijasukumwa, Ardis alimwambia kwamba kahawa ya pale haifai, aliyoitengeneza mwenyewe iko kwenye kikapu. Selmer alibaki amesimama kwenye ukumbi mrefu hata baada ya milango kujifunga. Alikaa kwenye kiti cha plastiki. Neno "wengi" likarudi, likakaa naye. Kila mtu aliyevaa nguo za kijani alimfanya ainuke.

Saa tano simu yake ya kukunja ikalia. Alikuwa Virgil.

"Kimepita alama," akasema. "Nyasi zimeanza kuwa nyeusi. Mzee Selmer, mchoro wako hausomeki, mvua imeulowesha. Ni dakika arobaini tu mpaka huku. Sisi tunaweza kungoja dakika arobaini, zaidi ya hapo siahidi."

Selmer akasimama. Akamuuliza muuguzi, na muuguzi akasema upasuaji uko mwishoni, imebaki huenda saa moja, huenda na nusu. Yote yako sawa mpaka sasa. Dakika arobaini kwenda, dakika arobaini kurudi, na kazi katikati. Aliona ghala, mihimili ambayo babu yake aliichonga kwa shoka, kamba ya bembea ya Kristi bado imefungwa juu. Akasikia ng'ombe wa Zastrow. Miguu yake ilikwisha fika kwenye lifti, na kidole kilikwisha bonyeza. Mlango wa lifti ukafunguka mbele yake, ukakaa wazi, ukajifunga.

"Virgil," akasema. "Nilianza kufunga upande wa miti, wenye kivuli. Hayo ndiyo mabichi, nami niliyapanga ya kwanza, chini, ukuta wa kaskazini. Anzeni huko. Na ukiona ulimi wa moto, hata mmoja, toa watu wote."

"Na ghala?"

"Liache liungue."

Akaikunja simu, akaizima kabisa, akarudi kwenye kiti cha plastiki.

Walimruhusu kuingia baada ya saa mbili. Ardis alikuwa mweupe, mipira imemwingia puani na mkononi, na mashine kando ya kichwa ilikuwa ikihesabu mapigo ambayo Selmer alizoea kuyahesabu mwenyewe. Alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, hathubutu kusogea. Baada ya muda mrefu jicho moja la Ardis likafunguka, kisha la pili. Yalimtafuta, yakampata. Midomo yake ilikuwa imekauka na sauti ilitoka kwa shida.

"Ghala lipo?"

"Sijui," akasema Selmer.

Ardis alimtazama kama anayejaribu kumkumbuka mtu huyu ni nani.

"Hujui?"

"Sijui, mama. Nilikuwa hapa."

Ardis akafumba macho. Selmer akadhani amelala, au jambo baya zaidi, akaikodolea mashine. Kisha mkono wenye mpira ukasogea juu ya shuka, polepole, ukapapasa mahali patupu kando ya godoro.

"Basi kaa," akasema.